Mwongozo Kamili: Kupima Kasi ya Usimbaji Fiche Ndani ya Kerneli ya Linux na Kupata Namba ya Kuaminika

Anayejaribu kwa mara ya kwanza kupima kasi ya usimbaji fiche ndani ya kerneli ya Linux kwa kawaida hukwama katika mojawapo ya sehemu tatu. Huyu hupakia `tcrypt`, moduli ya kerneli inayopima kasi hiyo, huona ujumbe wa hitilafu na kuacha, ilhali jaribio limekamilika na matokeo yamekwisha kuandikwa. Yule hupata namba za kuvutia bila kujua ni utekelezaji upi wa algorithimu uliopimwa, akadhani analinganisha kerneli mbili wakati analinganisha msimbo wa kawaida wa C na maagizo maalumu ya kichakataji. Mwingine hupima kwenye kompyuta ambayo mwendo wa kichakataji chake unapanda na kushuka kila sekunde, kisha hushangaa kwamba jaribio lilelile linatoa majibu matatu tofauti.

Mwongozo huu unapita sehemu hizo zote kwa mpangilio. Msimamo wake ni mmoja: namba ya kasi isiyoambatana na jina la utekelezaji, ukubwa wa data na hali ya kichakataji haifai kutumiwa kufanya uamuzi wowote, hata kama imepimwa kwa uangalifu kiasi gani.

## Unachohitaji kabla ya kuanza

- Kompyuta halisi ambayo haitoi huduma kwa watu wengine. Usitumie seva iliyo kazini, kwa sababu jaribio hushika kiini kizima cha kichakataji kwa dakika kadhaa.
- Haki za msimamizi kupitia `sudo`.
- Kerneli yenye moduli ya `tcrypt`, au uwezo wa kujijengea kerneli hiyo.
- Programu za `cryptsetup`, `cpupower`, `fio`, na Python kuanzia toleo la 3.6.
- Kumbukumbu huru ya angalau GiB 2, kwa ajili ya hatua ya diski.
- Faili ya maandishi ya kuhifadhi kila amri na kila tokeo.

Mashine pepe inaweza kutumika kwa mazoezi, lakini namba zake zisitolewe kama sifa ya kichakataji. Mwenyeji wa mashine hiyo anaweza kuchukua muda wa kichakataji katikati ya jaribio, na anaweza pia kuficha maagizo ya AES (algorithimu ya usimbaji inayotumika sana) ambayo kichakataji chenyewe kinayo.

## Hatua ya 1: Hakikisha kwamba moduli ipo

Anza kwa kuuliza kerneli inayotumika sasa hivi:

```
uname -r
modinfo tcrypt
grep -E 'CRYPTO_TEST|CRYPTO_BENCHMARK|CRYPTO_USER_API' /boot/config-$(uname -r)
```

Majina mawili ya mwanzo yametajwa kwa sababu chaguo lile lile la usanidi, ambalo kwa miaka mingi liliitwa `CONFIG_CRYPTO_TEST`, katika kerneli za karibuni limepewa jina `CONFIG_CRYPTO_BENCHMARK`. Mabadiliko hayo yalikuwa ya lazima, maana jina la zamani liliwafanya watu wengi waamini kwamba moduli hii ndiyo inayothibitisha usahihi wa algorithimu, ilhali uthibitisho huo hufanywa na kerneli yenyewe pale algorithimu inaposajiliwa.

Ukijijengea kerneli, chagua `m` na si `y`, ili uweze kuipakia moduli kila mara kwa vigezo tofauti. Hakikisha pia kwamba chaguo za kutafutia makosa, kama `CONFIG_KASAN` na `CONFIG_PROVE_LOCKING`, zimezimwa. Chaguo hizo hupunguza kasi kwa kiwango kikubwa, na tokeo linalopatikana zikiwa zimewashwa halisemi lolote kuhusu kerneli ya matumizi ya kawaida. Iwapo kompyuta yako imewashwa kwa utaratibu wa Secure Boot, moduli isiyo na saini inayotambulika inaweza kukataliwa.

Dalili ya mafanikio: `modinfo` inaonyesha njia ya faili ya moduli pamoja na vigezo `alg`, `mode` na `sec`.

## Hatua ya 2: Tuliza kichakataji

Kichakataji cha kisasa hubadili mwendo wake kulingana na kazi na joto. Usipokidhibiti, sehemu ya kwanza ya jaribio itapimwa kikiwa baridi na chenye kasi, na sehemu ya mwisho itapimwa kikiwa kimepata joto na kupunguza mwendo.

```
sudo cpupower frequency-set -g performance
```

Kisha zima nyongeza ya muda ya kasi. Kwenye kompyuta zinazotumia `intel_pstate`, amri ni hii:

```
echo 1 | sudo tee /sys/devices/system/cpu/intel_pstate/no_turbo
```

Kwenye nyingi za nyinginezo, zikiwamo za AMD, faili inayohusika ni nyingine na thamani yake ni kinyume:

```
echo 0 | sudo tee /sys/devices/system/cpu/cpufreq/boost
```

Chagua kiini kimoja kitakachofanya jaribio; mwongozo huu unatumia namba 3. Angalia kama kiini hicho kinagawana vifaa na kingine:

```
cat /sys/devices/system/cpu/cpu3/topology/thread_siblings_list
```

Ukiona namba mbili, ile isiyo 3 ni pacha wake, na kazi yoyote itakayopangiwa pacha huyo itapunguza kasi ya jaribio lako. Mzime kwa muda kwa kuandika `0` katika faili yake ya `online`, iliyo ndani ya saraka ya kiini hicho. Kompyuta ya mkononi iunganishwe na umeme, kwa kuwa nyingi hupunguza mwendo zinapotumia betri.

Onyo: mipangilio hii hupotea kompyuta inapozimwa na kuwashwa tena. Anayewasha kerneli mpya ili ailinganishe na ya zamani lazima airudie hatua hii yote kabla ya kupima. Kuisahau ndiyo njia ya haraka zaidi ya kutangaza kwamba kerneli mpya ni nzito wakati haina tatizo lolote.

## Hatua ya 3: Fahamu utekelezaji utakaopimwa

Hapa ndipo pa kukaa kwa muda, kwa sababu makosa mengi ya kipimo huzaliwa hapa na hayaonekani kwenye namba zenyewe.

Ndani ya kerneli, algorithimu moja inaweza kuwa na utekelezaji wa aina kadhaa kwa wakati mmoja. `xts(aes)`, kwa mfano, inaweza kufanywa kwa msimbo wa kawaida wa C, kwa maagizo ya AES-NI ya vichakataji vya x86, au kwa maagizo ya usimbaji ya ARMv8. Kila utekelezaji una namba ya kipaumbele, na anayeomba algorithimu kwa jina la jumla hupewa wenye kipaumbele kikubwa kuliko mwingine. Orodha inapatikana hapa:

```
less /proc/crypto
```

Katika kila ingizo, soma mistari mitano. `name` ni jina la jumla, kama `xts(aes)`. `driver` ni jina mahususi la utekelezaji, kama `xts-aes-aesni` kwenye x86 au `xts-aes-ce` kwenye ARM ya biti 64. `priority` ni kipaumbele. `selftest` huonyesha kama utekelezaji umefaulu majaribio ya usahihi. `async` hueleza kama kazi inaweza kurudishwa baadaye badala ya kukamilishwa papo hapo.

Lipo jambo linalowapotosha wengi: orodha hii haionyeshi kila kitu ambacho kerneli inaweza kufanya. Algorithimu nyingi huundwa kwa kuunganisha vipande viwili, yaani utaratibu kama `cbc` na algorithimu ya msingi kama `aes`, na ingizo la muungano huo hutokea baada ya mtu kuuomba kwa mara ya kwanza. Usipoliona, usiseme halipo. Liombe kwanza kwa amri nyepesi, kisha usome orodha tena:

```
cryptsetup benchmark -c aes-xts -s 512
grep -A 12 'xts(aes)' /proc/crypto
```

Urefu wa ufunguo umeandikwa 512 kwa sababu XTS hutumia funguo mbili za AES kwa pamoja, hivyo biti 512 maana yake ni AES-256.

Kagua pia kama kichakataji chako kina maagizo ya AES, kwa `grep -m1 -ow aes /proc/cpuinfo`. Raspberry Pi 4 haina maagizo hayo, ilhali Raspberry Pi 5 inayo, kwa hiyo kulinganisha AES kwenye bodi hizo mbili ni kulinganisha njia mbili tofauti kabisa za kufanya kazi ileile. Kwa mashine zisizo nayo, Adiantum, algorithimu nyingine ya usimbaji ambayo iliingizwa katika kerneli 5.0, ni mshindani anayestahili kupimwa:

```
cryptsetup benchmark -c xchacha20,aes-adiantum-plain64 -s 256
```

Tofauti ya toleo la kerneli nayo huleta utekelezaji mpya. Kuanzia 6.10, XTS kwenye x86 ilipata matoleo yanayotumia maagizo mapana ya VAES kwenye vichakataji vinavyoyaunga mkono. Kompyuta ileile, kwa amri ileile, inaweza basi kuchagua utekelezaji mwingine baada ya kusasishwa.

Dalili ya mafanikio: umeandika katika faili yako jina la `driver`, kipaumbele chake na `selftest : passed` kabla ya kupima chochote.

## Hatua ya 4: Endesha `tcrypt`

Weka kwanza alama katika logi ya kerneli, ili baadaye ujue matokeo yako yanaanzia wapi:

```
echo "ALAMA: jaribio la aes, mzunguko wa 1" | sudo tee /dev/kmsg
sudo taskset -c 3 modprobe tcrypt mode=200 sec=1
```

Kigezo `mode=200` huchagua majaribio ya kasi ya AES katika taratibu zake mbalimbali, zikiwamo ECB, CBC, XTS na CTR. Kwa GCM tumia `mode=211`, na kwa SHA-256 tumia `mode=304`. Usiache `mode` bila thamani, kwa kuwa sifuri, ambayo ndiyo thamani ya awali, huendesha majaribio ya usahihi badala ya majaribio ya kasi.

Kigezo `sec=1` kinaamuru kila kipimo kidumu sekunde moja. Ukikiacha, moduli huhesabu mizunguko ya saa ya kichakataji kwa marudio machache tu, na kuna sababu nzito ya kuepuka njia hiyo. Kwenye x86, saa inayosomwa hutembea kwa mwendo usiobadilika hata kichakataji kinapoongeza au kupunguza mwendo wake, hivyo "mizunguko" inayoonyeshwa si lazima iwe mizunguko ya kiini chenyewe. Kwenye ARM ya biti 64, inayosomwa ni saa ya mfumo ambayo ni ya polepole kuliko kiini kwa mbali, na matokeo huonekana madogo kupita kiasi. Muda wa sekunde halisi hauna matatizo hayo mawili.

`taskset` inafaa hapa kwa sababu jaribio hufanyika ndani ya mchakato wa `modprobe` wenyewe, kwa hiyo kuufungia mchakato huo kwenye kiini cha 3 kunalifungia jaribio lenyewe.

Terminali itanyamaza kwa dakika kadhaa. Hiyo ni kawaida. Fungua terminali nyingine na ufuatilie kwa `sudo dmesg -w`. Mwishoni utaona hivi:

```
modprobe: ERROR: could not insert 'tcrypt': Resource temporarily unavailable
```

Huu si ujumbe wa kushindwa. Waandishi wa `tcrypt` waliiandika kwa makusudi ikatae kubaki ndani ya kerneli inapomaliza kazi, ili mtumiaji asilazimike kuiondoa kabla ya kuipakia tena kwa vigezo vingine. Ukiona ujumbe huu na matokeo yapo kwenye logi, kazi imekwisha vizuri. Ujumbe wa kutia wasiwasi ni mwingine, kwa mfano unaosema kwamba moduli haikupatikana, na huo hukurudisha hatua ya 1. Kerneli iliyo katika hali ya FIPS (kanuni za usimbaji za serikali ya Marekani) hufanya tofauti: moduli hubaki imepakiwa, nawe huna budi kuiondoa kwa `sudo modprobe -r tcrypt` kabla ya kila marudio.

Hifadhi matokeo mara moja, kabla nafasi ya logi haijajaa na mistari ya zamani kufutwa:

```
sudo dmesg > matokeo-mzunguko-1.txt
```

Dalili ya mafanikio: baada ya alama yako, kuna mistari yenye maneno `testing speed of`, na ndani ya mabano ya mstari huo limetajwa jina lilelile la `driver` uliloliandika katika hatua ya 3. Jina likiwa tofauti, simama. Hujapima ulichokusudia kupima.

## Hatua ya 5: Soma matokeo kwa hesabu

Kila mstari hutaja urefu wa ufunguo, ukubwa wa data, idadi ya operesheni, muda, na jumla ya baiti. Kasi ni jumla ya baiti kugawanywa kwa sekunde. Tuchukue namba za kuonyeshea hesabu tu: operesheni 500,000 za baiti 4,096 kwa sekunde moja ni baiti 2,048,000,000, ambazo zikigawanywa kwa 1,048,576 zinatoa takriban MiB 1,953 kwa sekunde.

Wengi huishia hapo, na hupoteza sehemu yenye faida zaidi ya matokeo. Gharama ya operesheni moja ina sehemu mbili: gharama isiyobadilika ya kuita kiolesura, na gharama inayoongezeka kwa kila baiti. Mistari miwili inatosha kuzitenganisha. Tuseme baiti 16 zimefanya operesheni 10,000,000 kwa sekunde, yaani nanosekunde 100 kila moja, na baiti 4,096 zimefanya operesheni 500,000, yaani nanosekunde 2,000 kila moja. Tofauti ya nanosekunde 1,900 kwa baiti 4,080 ni takriban nanosekunde 0.47 kwa baiti. Baiti 16 zinagharimu basi kama nanosekunde 7.5 tu za kazi halisi, na zile 92.5 zilizobaki ni gharama ya kiolesura.

Hesabu hiyo inakuambia pa kufanyia kazi. Programu inayosimba vipande vidogo vidogo haitanufaika sana na algorithimu yenye kasi zaidi, bali itanufaika kwa kukusanya data na kuita kiolesura mara chache. Kwa mitandao ya IPsec, angalia mstari wa baiti 1,420, ambao upo katika kerneli za karibuni na unakaribia ukubwa wa pakiti halisi. Kwa diski, angalia 4,096.

Kuna mambo mawili ambayo namba hizi hazionyeshi. Ufunguo huwekwa mara moja kabla ya kipimo kuanza, kwa hiyo gharama ya kubadilisha funguo haimo. Vilevile data ileile hutumika tena na tena, hivyo hubaki katika kumbukumbu ya karibu kabisa na kiini, na kwa sababu hiyo kasi ya `tcrypt` ichukuliwe kama ukomo wa juu ambao kazi halisi itaukaribia bila kuufikia.

## Hatua ya 6: Linganisha utekelezaji wa aina mbili

Kwa hashi, `tcrypt` inakuruhusu kutaja utekelezaji kwa jina lake:

```
sudo taskset -c 3 modprobe tcrypt mode=300 alg=sha256-generic sec=1
```

Chukua majina kutoka `/proc/crypto` ya kompyuta yako, kwa kuwa hubadilika kati ya matoleo ya kerneli.

Kwa usimbaji, njia rahisi ni kupitia soketi za AF_ALG, ambazo ni kiolesura kinachoziwezesha programu za kawaida kutumia algorithimu za kerneli. Hifadhi msimbo huu kama `pima.py`:

```
import os, socket, sys, time

jina, ukubwa = sys.argv[1], int(sys.argv[2])
s = socket.socket(socket.AF_ALG, socket.SOCK_SEQPACKET, 0)
s.bind(("skcipher", jina))
s.setsockopt(socket.SOL_ALG, socket.ALG_SET_KEY, os.urandom(32))
op, _ = s.accept()

data, iv, n = bytes(ukubwa), bytes(16), 0
mwanzo = time.perf_counter()
while time.perf_counter() - mwanzo < 5:
    op.sendmsg_afalg([data], op=socket.ALG_OP_ENCRYPT, iv=iv)
    op.recv(ukubwa)
    n += 1
muda = time.perf_counter() - mwanzo
print(jina, ukubwa, round(n * ukubwa / muda / 2**20, 1), "MiB/s")
```

Uendeshe mara mbili, mara ya kwanza kwa jina la jumla, mara ya pili kwa jina mahususi:

```
taskset -c 3 python3 pima.py 'cbc(aes)' 16384
taskset -c 3 python3 pima.py 'cbc(aes-generic)' 16384
```

Alama za kunukuu ni za lazima, la sivyo mabano yatafasiriwa na terminali.

Kosa namba 97 linapotokea, kerneli yako haina AF_ALG. Kosa namba 2 maana yake ni kwamba jina ulilotaja halijulikani.

Usilinganishe namba za `pima.py` na za `tcrypt`. Kila mzunguko hapa unavuka mpaka wa kerneli mara mbili, unanakili data kwenda na kurudi, na unabeba mzigo wa Python. Kwa vipande vya baiti 16, karibu unapima mzigo huo pekee. Linganisha namba za njia moja kwa njia moja, na kwa ukubwa mmoja.

Dalili ya mafanikio: kwenye kichakataji chenye maagizo ya AES, amri ya kwanza inaishinda ya pili waziwazi kwa vipande vikubwa. Zikilingana, huenda jina la jumla limeangukia utekelezaji wa kawaida. Rudi hatua ya 3 ukaangalie kipaumbele.

## Hatua ya 7: Kama una kifaa maalumu cha usimbaji

Baadhi ya mashine zina kifaa cha pembeni kinachofanya kazi hii, kama CAAM ya NXP au QAT ya Intel. Kifaa cha aina hiyo kikipewa ombi moja na kusubiriwa hadi kimalize, kitaonekana dhaifu kuliko kichakataji chenyewe, sawa na kivuko cha Kigamboni kikilazimishwa kuvusha abiria mmoja mmoja. Kipime kwa maombi mengi ya pamoja:

```
sudo modprobe tcrypt mode=600 num_mb=32 sec=1
```

Panda kutoka 1 hadi 8, 32 na 128, ukiandika ni wapi kasi inapoacha kuongezeka. Toa pia tokeo la ombi moja, kwani ndilo linaloeleza ucheleweshaji ambao mtumiaji ataupata. Maoni yangu ni kwamba kifaa kinachohitaji maombi 128 kwa wakati mmoja ili kiishinde AES-NI hakifai kuwekwa kwenye mfumo usio na maombi mengi kiasi hicho.

## Hatua ya 8: Peleka kipimo hadi kwenye diski

Hatua hii ni kwa anayetaka kujua dm-crypt, sehemu ya kerneli inayosimba diski, itampa nini. Diski ya kumbukumbu hutumika ili kasi ya diski halisi isifunike kasi ya usimbaji.

Onyo: amri zifuatazo hufuta kila kilichomo kwenye kifaa kinachotajwa. Hakikisha kimeandikwa `/dev/ram0` na si vinginevyo.

```
sudo modprobe brd rd_nr=1 rd_size=1048576
head -c 64 /dev/urandom > /tmp/ufunguo
sudo cryptsetup open --type plain --cipher aes-xts-plain64 \
  --key-size 512 --key-file /tmp/ufunguo /dev/ram0 jaribio
sudo dd if=/dev/zero of=/dev/mapper/jaribio bs=1M
```

Amri ya `dd` itamalizika kwa kulalamika kwamba nafasi imekwisha, na ndivyo inavyotakiwa. Kuijaza diski kwanza ni muhimu, kwa sababu sehemu ambayo haijawahi kuandikwa hurudisha sifuri bila kusoma kumbukumbu yoyote ya kweli, na kasi yake hudanganya. Sasa soma:

```
sudo fio --name=soma --filename=/dev/mapper/jaribio --rw=read \
  --bs=4k --direct=1 --ioengine=libaio --iodepth=16 \
  --runtime=60 --time_based
```

Rudia kwa `--filename=/dev/ram0` ili ujue kasi isiyo na usimbaji. Tofauti kati ya hizo mbili ndiyo gharama ya dm-crypt.

Tokeo likiwa chini sana ya lile la `tcrypt`, usiilaumu AES bado. dm-crypt kwa kawaida hupeleka kazi kwenye foleni za ndani, na foleni hizo zina gharama yake. Kuanzia kerneli 5.9 unaweza kuziruka kwa kuongeza `--perf-no_read_workqueue` na `--perf-no_write_workqueue` wakati wa kufungua. Jambo la pili ni ukubwa wa sekta: kila sekta husimbwa peke yake, na sekta za baiti 512 huita kiolesura mara nane kwa kila baiti 4,096. Jaribu `--sector-size 4096` kwenye matoleo mapya ya `cryptsetup`, nawe utaona gharama isiyobadilika uliyoikokotoa katika hatua ya 5 ikijidhihirisha kwenye diski. Tokeo likiwa juu kuliko la `tcrypt`, dm-crypt imegawanya kazi kwa viini kadhaa, wakati `tcrypt` ilitumia kimoja.

## Hatua ya 9: Rudia, kisha andika

Kipimo kimoja hakitoshi. Rudia angalau mara tano, panga matokeo kutoka dogo hadi kubwa, uchukue la katikati, na uandike pia dogo na kubwa kuliko yote. Pengo kati ya hayo mawili likizidi asilimia chache, hatua ya 2 haijakamilika: tafuta kazi nyingine inayoendelea, au joto. Tofauti yoyote kati ya kerneli mbili iliyo ndogo kuliko pengo hilo isitangazwe.

Ripoti itaje toleo la kerneli, aina ya kichakataji, jina la `driver`, urefu wa ufunguo, ukubwa wa data, hali ya `no_turbo` au `boost`, na amri yenyewe herufi kwa herufi. Msomaji asiye na taarifa hizo hawezi kurudia kazi yako.

## Hatua ya 10: Rudisha kompyuta katika hali yake

```
sudo cryptsetup close jaribio
sudo modprobe -r brd
rm /tmp/ufunguo
echo 0 | sudo tee /sys/devices/system/cpu/intel_pstate/no_turbo
```

Kwenye mashine inayotumia faili ya `boost`, andika `1` badala yake. Kiwashe tena kiini pacha kama ulikizima, na urudishe gavana ya awali (mpangilio wa mwendo wa kichakataji uliokuwapo kabla ya `performance`) kwa `cpupower`. Ikiwa hukuiandika mahali, kuzima na kuwasha kompyuta kutairudisha.